Kitambaa Cheupe Kilichotuponza Mkumbi

Mama mkwe wangu ana kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe akiwa msichana. Pembezoni kina maua mekundu yenye majani ya kijani, na kona moja ina alama ya kahawia ya pasi ya mkaa, iliyobaki tangu asubuhi moja alipokuwa na haraka ya kwenda harusini. Kitambaa hicho hakitandikwi ovyo. Kinalala kabatini pamoja na vidonge vya nondo, na hutoka padri anapokuja kula kwetu au mtoto wa nyumbani anapopokea Komunyo ya Kwanza. Ndicho kilichotufanya akina mama wa jumuiya yetu tuitwe wadanganyifu, na aliyetuita hivyo hakuwa hata mtu. Nikilisimulia jambo hili mpaka leo damu inanichemka, halafu nacheka, halafu inanichemka tena.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa Kihagara, nikakulia kwenye ugali wa muhogo na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikaolewa Mkumbi, huku juu kwenye kahawa na baridi ya kung'ata masikio. Mawifi zangu waliniita mtu wa dagaa tangu siku ya kwanza, na mimi nikawaita watu wa makoti, na utani huo haujaisha. Kimatengo chao nimekishika nusu nusu. Tukikwama tunarudi kwenye Kiswahili. Lakini kilichonichukua muda mrefu kuliko lugha ni adabu ya kahawa.

Kwetu ziwani muhogo ukiugua tunautangaza. Mtu anang'oa shina lenye ugonjwa wa batobato, anapita nalo njiani huku analilaani, majirani wanamwonyesha na ya kwao, na maisha yanaendelea. Milimani mambo ni tofauti. Kahawa ndiyo uso wa nyumba. Mgeni anaonyeshwa mistari iliyo karibu na njia, iliyopaliliwa vizuri, yenye majani ya kung'aa, na hapo ndipo matembezi yanapoishia. Shamba la mama mkwe linateremka mpaka kwenye kijito, na katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kutumwa kuchuma kule chini. Msimu wa mavuno ananipangia mistari ya juu, yeye anachukua kikapu chake anateremka peke yake. Sikuuliza. Nilidhani anakwenda kukaa kidogo na kumbukumbu za marehemu baba mkwe, maana mibuni ile aliipanda yeye.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada kwenye kigango chetu, lile kanisa dogo ambalo padri hulifikia mara moja moja, dada mmoja kutoka Mbinga mjini alipewa nafasi kwenye matangazo. Alisema yeye ni mratibu wa mradi, na kwamba kuna wataalamu wanaoifundisha akili mnemba kutambua magonjwa ya kahawa. Mkulima ataelekeza simu kwenye jani, na simu itamwambia ni ugonjwa gani na afanye nini, bila kumsubiri bwana shamba ambaye ana kata nzima ya kuzungukia na pikipiki moja. Ila ili mashine ijue, lazima kwanza ionyeshwe picha, nyingi sana, na picha hizo zitoke kwa wakulima wenyewe. Maeneo yatakayochangia ndiyo yatakayopewa programu hiyo mwanzo kabisa.

Nilishindwa kukaa. Mimi ni mtu wa kupandwa na mambo haraka, nakiri, na jambo lile lilinipanda mpaka kichwani. Mashine ya dunia nzima ije ijifunze kahawa kwenye majani yetu! Nilinyoosha mkono kabla dada hajamaliza. Kwa kuwa nilikuwa na simu janja na nilisoma mpaka kidato cha nne, jumuiya yetu ikaniteua kuwa mpiga picha wao. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Jani moja kwa kila picha, mahali penye mwanga, na nyuma ya jani pawe na kitu cha rangi moja. Nilipomsomea mama mkwe, alifikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa.

"Mama, hicho ni cha padri," nikamwambia.

"Picha ni picha, mwanangu," akasema. "Mtu hapigwi picha juu ya gunia."

Tukaanza kuzunguka na kitambaa kile shamba kwa shamba, kimekunjwa ndani ya mfuko, kama tunapeleka kitu kanisani. Kila tulipofika, mwenye shamba alikuwa ametuandalia. Mmoja alikuwa amechuma majani bora kuliko yote, akayaosha kwenye beseni na kuyapanga kwenye ungo. Mwingine aliyafuta kwa pindo la kanga, juu na chini, kama anavyomfuta mtoto pua kabla ya kumpeleka kwa mpiga picha. Jirani yetu mnene, yule mcheshi kuliko wote, aliyapaka mafuta ya alizeti kidogo ili yang'ae. Tulilaza jani katikati ya kitambaa, maua mekundu yakilizunguka, mimi nikabonyeza, na mwenye jani akainama kwenye simu kuliona na kusema kwa sauti ya chini, "Limetoka vizuri." Zilikuwa siku za raha. Tulikunywa chai kila nyumba, tulicheka, na watu waliokuwa hawajaongea tangu ugomvi wa mpaka walijikuta wameinamia simu moja.

Nilituma picha zote, pamoja na orodha ya majina ya wenye mashamba, la mama mkwe likiwa la kwanza, kutoka juu ya kilima cha shule, ambako mtandao unashika. Halafu tukasubiri.

Jibu lilikuja tukiwa uani kwetu tunapukuchua mahindi, karibu jumuiya nzima. Simu ikalia, nikaona ni wao, nikawaambia wanyamaze niwasomee. Nilianza kusoma kwa mbwembwe kabla macho yangu hayajafika mwisho wa sentensi. "Akaunti yenu imefungwa. Picha zimebainika kupigwa mahali pamoja na mtu mmoja aliyejifanya watu wengi. Huu ni udanganyifu."

Mama mkwe akaniambia nirudie. Nikarudia, polepole, nikitamani maneno yabadilike. Aliweka gunzi chini, akanawa mikono, akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa ameshika ufunguo wa kigango. Ufunguo ule ni wake kuushika tangu alipofiwa na mumewe. Jumapili ndiye anayefungua, anayefagia, anayebadilisha maji ya maua, na hajawahi kuchelewa, mvua inyeshe ama isinyeshe. Alikwenda nao moja kwa moja kwa katekista, na mimi nyuma yake nikimsihi. Katekista alikataa kuupokea. Alimwambia ni ujumbe wa simu tu, simu zinasema mengi. Mama mkwe akauweka mezani kwake.

"Jina langu ni la kwanza kwenye orodha waliyopelekewa," akasema. "Nimeitwa mdanganyifu mbele ya majirani zangu. Mtu wa namna hiyo hafungui nyumba ya Mungu. Aliyesema aje aseme kwamba hakuona vizuri, ndipo nitauchukua."

Nilitaka kulia kwa hasira. Huyu ni mwanamke anayerudisha sufuria ya kuazima ikiwa na kitu ndani. Jumapili iliyofuata tulisimama nje ya mlango uliofungwa tukitetemeka, kwa sababu katekista anakaa ng'ambo ya bonde, na yeye pia ni binadamu anayependa blanketi. Mama mkwe alisimama na sisi, amejifunga shuka lake, anaangalia chini. Pale pale niliapa moyoni kwamba nitamtafuta huyo aliyesema mpaka nimpate.

Kumbe kumtafuta ndiko kazi. Nilijibu ule ujumbe kwa maneno makali, nikapokea shukrani kwa maoni yangu. Nikaandika tena, nikashukuriwa tena, kwa maneno yale yale. Nilimwuliza bwana shamba wa kata, akasema mradi ule haukupitia kwake. Nikashuka Mbinga mjini mpaka kwenye chumba walichopanga, nikamkuta yule dada mratibu akiwa peke yake na mafaili yake. Alinikaribisha vizuri, akasikiliza, akaonekana kuumia.

"Siyo mimi niliyekataa, dada yangu," akasema. "Ni mfumo."

"Mfumo ni nani?"

"Ni mfumo tu. Unakagua wenyewe."

"Na ukikosea, anaulizwa nani?"

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Halafu akasema kitu ambacho nilitaka kumkumbatia kwa ajili yake. Alisema hata yeye hajawahi kujua, lakini wiki ile mtaalamu mwenyewe anayeifundisha mashine alikuwa anakuja Liuli, kwenye mkutano na wachangiaji wa ziwani waliopiga picha za muhogo. Alisema, "Hamjaalikwa. Lakini mlango utakuwa wazi, na mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni."

Nilirudi Mkumbi nikipanda kilima kama nimepewa miguu mipya. Mama mkwe hakutaka kwenda. Alisema yeye hawezi kwenda kuomba jina lake kwenye nchi ya joto. Nikamwambia haendi kuomba, anakwenda kudai. Neno hilo lilimwingia. Asubuhi ya safari nilimkuta ameshavaa sare yake ya akina mama wa parokia na mkoba uko begani.

Liuli ni nyumbani kwangu kabisa, maana shangazi zangu wote wako pale. Ukumbi ulikuwa karibu na misheni ya zamani ya Waanglikana, na madirisha yake yalikuwa wazi upande wa maji. Ndani walikuwa wanawake na wanaume wa ziwani, wanapepea, wanapiga soga. Mtaalamu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, shati limemgandia mgongoni, mpole wa sura. Alikuwa anaonyesha picha ukutani kwa projekta, na picha zenyewe zilikuwa zinanifurahisha hata kabla sijamwuliza lolote. Watu wangu wa ziwani walikuwa wamepiga kila balaa: majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano, yaliyotobolewa na wadudu, moja likiwa na kuku pembeni, jingine likiwa juu ya goti la mtu. Mtaalamu alikuwa anawasifu. Wao walikuwa wanabishana ni muhogo wa nani umeoza zaidi.

Nilisimama. Sikumbuki kama nilipewa nafasi. Nilisema natoka Mkumbi, nikasema tulichofanyiwa, nikauliza kwa Kiswahili cha wazi: ni nani aliyesema sisi ni wadanganyifu?

Mtaalamu hakukwepa. Alibonyezabonyeza kompyuta yake, na ghafla ukuta mzima ukajaa kitambaa cha mama mkwe wangu. Jani, kitambaa, maua mekundu, alama ya pasi. Jani jingine, kitambaa kile kile, alama ile ile. Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi yangu mmoja alisema kwa sauti kwamba majani yale yamevalishwa kwenda Misa. Nami nusu nicheke, lakini nilimwona mama mkwe uso wake.

"Mashine inalinganisha mandhari ya nyuma," mtaalamu akaeleza. "Ikiona mahali ni pale pale kwenye picha za watu wengi, inahesabu kuwa mtu mmoja amepiga zote na kujifanya watu wengi. Inafunga."

"Na wewe ulizitazama?"

"Sikuzitazama."

"Sasa ziko wapi, kama tumefungiwa?"

Hapo aligeuka kutoka ukutani, akatutazama. Akajibu kwa uaminifu, na namheshimu kwa hilo. Alisema picha zilizokataliwa hazitupwi. Zinatumika kuifundisha mashine jinsi udanganyifu unavyoonekana, ili iutambue haraka kwa wengine.

Jamani. Yaani kitambaa cha padri, kitambaa cha Komunyo ya watoto wetu, kimefanywa darasa la wizi. Kesho mama mwingine huko Mbozi au Kilimanjaro akitandika kitambaa chake cha kudarizi chini ya jani, mashine itamtilia shaka, na itakuwa imejifunzia kwetu. Nilisema yote hayo na zaidi, mikono yangu ikiwa hewani, na watu wangu wa ziwani hawakucheka tena. Mzee mmoja akasema kwa utulivu kwamba kama majani yetu ni ya uongo basi wasiyatumie, na kama wanayatumia basi yana kazi, na aliyeyaleta anastahili kuulizwa.

Ndipo mama mkwe alipokwenda mbele. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa chenyewe, akakitandaza mezani mbele ya kijana yule, akakinyoosha kona yenye alama ya pasi. Ukutani kilikuwa kikubwa, mezani kilikuwa kidogo, na kila mtu aliona ni kimoja.

"Mwanangu," akamwambia, "hiki nilikizungusha mimi, nyumba kwa nyumba. Tuliambiwa rangi moja, tukaona nyeupe ndiyo ya heshima. Waliotoa majani ni watu wengi, kila mmoja na shamba lake. Ungeuliza, ningekuambia. Nani aliiambia hiyo mashine iseme neno lile?"

Kijana aligusa ile alama kwa kidole. "Mimi, mama," akasema. "Kanuni hiyo niliiandika mimi."

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata kwa neno moja lile. Tangu siku ya mahindi nilikuwa napiga ukuta, na sasa ukuta ukageuka mtu, tena mtu anayesema mimi. Nilijikuta natabasamu kama mjinga.

Alitaka kuomba radhi pale pale. Mama mkwe akamzuia kwa mkono. Alimwambia neno lilisikika Mkumbi, kwa hiyo litaondolewa Mkumbi, mbele ya walewale waliolisikia. Ndivyo wanavyofanya huku juu. Ukimsema mtu vibaya kilabuni, huendi kumwomba radhi chumbani kwake. Kijana akauliza ni mbali kiasi gani. Shangazi yangu akamjibu achukue koti.

Na alikuja. Jumapili aliingia kigangoni amevaa koti la kuazima, dada mratibu pembeni yake. Baada ya ibada akasimama mbele, mikono haijui ikae wapi, akasema neno udanganyifu lilitoka kwake. Alisema aliiandikia mashine kanuni kisha akaiacha ihukumu watu bila mtu yeyote kuwauliza, na kwamba picha zetu amekwisha kuzitoa kwenye darasa lile baya. Mimi nikasimama nikaweka sharti letu, tulilolikubaliana jumuiya nzima usiku wa sala: tangu sasa, mtu asiitwe mdanganyifu na ujumbe. Kama kuna shaka, apigiwe simu, na anayepiga aseme jina lake. Na kila picha ionyeshe imetoka Mkumbi. Alikubali, na dada mratibu akaandika namba ya mtu wa kupokea malalamiko ukutani kwa chaki, kubwa, ili tusije tukasahau.

Katekista akatoa ufunguo mfukoni, akampa mama mkwe mbele ya watu. Vigelegele vilivyopigwa siku ile nadhani vilifika kwenye kijito. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na jirani yetu mnene alinishika kiuno tukazunguka katikati ya viti.

Tulidhani yamekwisha. Kijana bado alikuwa amesimama.

"Nina swali moja, na si la kuwashtaki," akasema. "Picha zenu zote ni za majani mazima. Mashine yangu sasa inajua kahawa ya Mkumbi haijawahi kuumwa. Ni kweli?"

Kila mtu akatafuta pa kutazama. Niliwatazama wakwe zangu, watu wa makoti, wanavyoangalia dari, viatu, maua. Nilielewa wakati ule ule yale majani yaliyooshwa kwenye beseni. Na nilielewa kwamba hakuna atakayejibu, kwa sababu nani atakuwa wa kwanza kuivua nguo kahawa yake mbele ya mgeni.

Mama mkwe aliugeuzageuza ufunguo mkononi. Nadhani ungekuwa bado kwa katekista angenyamaza kama wengine. Lakini alikuwa ameupokea dakika ile ile kwa sababu watu wazima wawili walisafiri kuja kusema kwamba yeye ni mkweli.

"Twendeni," akasema.

Akatoka, na kanisa lote likamfuata. Alipita njia, akapita nyumba, akapita mistari ya juu ninayoijua, akaanza kuteremka. Mimi mkwe wake wa miaka yote nilikuwa naingia mahali pale kwa mara ya kwanza nikiwa nyuma ya kundi la watu. Kule chini mibuni ilikuwa imepukutika, matawi yako wazi, na majani machache yaliyobaki yalikuwa na madoa. Alichuma moja, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na unga wa rangi ya chungwa, na ulibaki kwenye vidole vyake.

"Hii aliipanda marehemu," akasema, hakumtazama yeyote. "Nilikuwa naona nikisema inaumwa, ninamsema yeye. Nimekuwa nachuma huku peke yangu nisionwe."

Nilimwonea uchungu mkubwa kiasi kwamba nilishindwa kumsogelea. Jirani mnene ndiye aliyeanza. Alisema kwake iliyougua iko nyuma ya choo. Mwingine akasema kwake ni upande wote wa kule kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, ndiyo maana mlango wa nyumba yake hautazami huko. Mzee aliyekuwa akijisifu kwa kahawa yake kila Pasaka akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hata yeye. Kabla sijajua nini kinatokea watu walikuwa wanashindana, wanacheka, wanatajiana mabonde, kama vile niko Liuli na shangazi zangu. Nilitamani kuwapigia simu ziwani wasikie.

Nikatoa simu. Mama mkwe akaufungua mkoba wake kwa mazoea, kisha akaufunga. Aliliweka jani kwenye kiganja chake, akanyoosha mkono kwenye jua. Jirani mnene, naye kwa mazoea, alilamba kona ya kanga ili alifute.

"Usifute," tulimwambia mimi na mtaalamu kwa pamoja, na shamba zima likacheka.

Programu ilitufikia kabla ya mavuno. Nilikuwa wa kwanza kuijaribu, kwenye mistari yangu ya juu, na ilinionyesha ugonjwa wa kutu kwenye jani ambalo mimi nililiona zima. Chini yake iliweka picha ya mfano ili nilinganishe: jani lenye unga wa chungwa kwenye kiganja chenye nyufa, na neno Mkumbi. Nilikimbia na simu mpaka jikoni. Mama mkwe alikitazama kiganja chake kwenye kioo cha simu, akakitazama na kile halisi, akaniambia kuna ugali unaungua.

Majuzi tulikuwa wote wawili kule chini, tunapogoa na kupiga dawa. Siku hizi natumwa huko. Simu yangu ikalia, namba ngeni, nikampa yeye kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na dawa. Alimsalimia mpigaji kwa Tumsifu Yesu Kristo, akasubiri aitikiwe. Nilimsikia msichana akijitaja jina na kusema anapiga kutoka kwenye mradi. Kuna picha tuliyowatumia kutoka huku chini imewatia shaka, akasema, jani limeharibika kupita kiasi, hawajawahi kuliona namna hiyo, hivyo walitaka kwanza kuuliza kama ni la kweli.

Mama mkwe aliegemea mbuni uliotoa jani lile, akatazama juu kwenye njia wanakopita watu.

"Ni la kweli," akasema. "Ni la kwangu. Njoo uone."